Kobalti, Metali Iliyowakaidi Wanakemia

Nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zilipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyotoka China. Huko Gedi, karibu na Malindi, wanaakiolojia wamefukua vipande vingi vya vyombo vya aina hiyo, vingine vikiwa na michoro ya buluu juu ya weupe. Jua, mvua na chumvi ya bahari vya karne nyingi havikuufifisha ubuluu ule. Uliwekwa huko Jingdezhen, mji wa wafinyanzi, kwa unga wa jiwe jeusi uliopakwa kwenye udongo, ukafunikwa kwa rojo ya kioo, kisha chombo kikachomwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1300. Ni rangi chache mno zinazouhimili moto wa namna hiyo. Katika karne ya 14 sehemu ya unga huo ilitoka Uajemi. Jiwe la Waajemi lilisafiri hadi China, na baadaye likavuka Bahari ya Hindi kuja pwani yetu likiwa ua lililochorwa ndani ya bakuli.

Kilichotia rangi humo ni kobalti. Wafinyanzi hawakuijua, na mafundi wa kioo wa Misri ya Mafarao, walioitumia zaidi ya miaka 1300 kabla ya Kristo, hawakuijua pia. Waliujua unga na waliijua rangi, basi. Hata metali yenyewe ilipokuja kutambuliwa, iliendelea kuwakaidi wataalamu kwa muda wa karne mbili. Walipoipima, uzito wake haukukubaliana na nafasi yake. Walipohesabu inavyoungana na elementi nyingine, hesabu haikutimia. Na walipotaka kusema ina rangi gani, iliwaonyesha waridi, buluu, kijani, zambarau na manjano. Kwa maoni yangu, kundi zima la metali za mpito, yaani zile zinazojaa katikati ya jedwali la elementi, chuma na shaba zikiwamo, lisingeeleweka mapema hivyo kama kobalti isingekataa kila maelezo mepesi iliyopewa.

Ukaidi huo ulianza kuwasumbua watu migodini. Katika milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Saxony na Bohemia, wachimbaji wa fedha wa karne ya 16 walikutana na mawe mazito yenye kung'aa. Waliyapeleka tanurini wakitarajia fedha au shaba. Wakaambulia moshi wa arseniki, sumu kali. Wakasema hiyo ni kazi ya Kobold, pepo anayekaa chini ya ardhi, na jina la pepo likabaki kwenye jiwe. Georgius Agricola, daktari aliyeishi miongoni mwao, alieleza katika kitabu chake cha uchimbaji kilichotoka mwaka 1556 jinsi madini ya aina hiyo yalivyowala wafanyakazi miguu na kuwaharibu mapafu na macho. Hata hivyo masalia ya mawe hayo, yakiyeyushwa pamoja na mchanga na potashi, yalitoa kioo cha buluu. Kioo hicho kilisagwa, kikauzwa kwa wachoraji na wafinyanzi, na Saxony ikapata fedha nyingi kutokana na jiwe lililolaaniwa.

Georg Brandt, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1694, ndiye aliyelitenganisha jambo hili na mapepo. Alisimamia maabara ya kemia ya mamlaka ya migodi mjini Stockholm. Wengi wa wakati wake waliamini kwamba ubuluu ule hutokana na bismathi, kwa kuwa mara nyingi bismathi hupatikana katika mawe hayohayo. Katika miaka ya 1730 Brandt alionyesha kwamba hapana: rangi ni ya metali nyingine kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kobalti huhesabiwa kuwa metali ya kwanza ambayo jina la mgunduzi wake linajulikana. Hakuaminiwa mara moja. Ni mwaka 1780 tu ambapo Torbern Bergman, Mswidi mwenzake, alithibitisha kwamba hiyo ni elementi inayojitegemea.

Fumbo kubwa zaidi lilikuja kwa njia ya harufu kali ya amonia. Mwaka 1798 Mfaransa Tassaert aliona kwamba maji yenye chumvi ya kobalti, yakitiwa amonia nyingi na kuachwa hewani, hubadilika rangi. Waliomfuata walitoa katika vimiminika hivyo fuwele safi, nzuri kupindukia. Mwaka 1852 Edmond Frémy, naye Mfaransa, alizipa majina kwa kufuata rangi zake, maana hakukuwa na kingine cha kuzitofautishia. Kloraidi ya kobalti iliyobeba amonia sita ilikuwa ya manjano. Yenye amonia tano ilikuwa ya zambarau iliyoelekea wekundu. Yenye amonia nne ilikuwa ya kijani.

Kwa mwanakemia wa zama hizo hili lilikuwa jambo lisilowezekana. Kila elementi ilidhaniwa kuwa na idadi maalumu ya mikono ya kushikana na nyingine. Kobalti katika kloraidi hiyo imeshika klorini tatu, imetosheka. Amonia nayo ni nitrojeni iliyoshika hidrojeni tatu, imetosheka. Vitu viwili vilivyotosheka vinaunganaje, tena kwa uthabiti wa kiasi kwamba hata asidi kali haiiondoi amonia kwa urahisi?

Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen alilijibu swali hilo kwa mnyororo. Akiendeleza wazo la Mswidi Blomstrand, alisema amonia hushikana zenyewe kwa zenyewe, moja nyuma ya nyingine, na mwisho wa mnyororo hukaa klorini. Leo jibu hilo linaonekana dhaifu, lakini mwenyewe namheshimu sana Jørgensen. Alitengeneza na kusafisha chumvi hizo kwa uangalifu ambao watu wachache waliufikia, na bila fuwele zake mshindani wake asingekuwa na chochote cha kuthibitishia.

Mshindani huyo alikuwa Alfred Werner, kijana aliyezaliwa mwaka 1866 huko Mulhouse, Alsace, aliyekuwa akifanya kazi Zürich. Alikuwa na umri wa miaka 26 na hajawahi kufanya jaribio lolote la maana kuhusu kobalti. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliamka saa nane jibu likiwa limekamilika kichwani, akaketi kuandika, na hakuweka kalamu chini hadi jioni ya siku iliyofuata. Makala yake ilichapishwa mwaka 1893.

Alichosema Werner ni kwamba metali ina namna mbili za kushika. Namna ya kwanza ni chaji yake, ambayo kwa chumvi hizo ni tatu. Namna ya pili ni idadi ya majirani wanaoizunguka na kuigusa moja kwa moja, na kwa kobalti hiyo idadi ni sita daima, wawe amonia au klorini. Amonia zikiwa sita, klorini zote tatu hubaki nje, huru kuelea majini. Amonia zikiwa tano, klorini moja huingia kujaza nafasi ya sita, zikabaki mbili nje. Amonia zikiwa nne, huingia mbili na kubaki moja.

Jambo hili linaweza kupimwa na mwanafunzi yeyote mwenye nitrati ya fedha, kwa sababu fedha hunasa klorini iliyo huru majini na kuigeuza mashapo meupe. Chumvi ya manjano hutoa sehemu tatu za mashapo, ya zambarau hutoa mbili, ya kijani hutoa moja. Kisha Werner, akiwa na Arturo Miolati, alipima jinsi maji yenye chumvi hizo yanavyopitisha umeme, na vipimo vikafuata hesabu ileile.

Ujasiri wake mkubwa ulikuwa katika umbo. Majirani sita wanakaaje? Wakikaa bapa katika pembesita, au katika umbo la mche wenye pande tatu, basi chumvi yenye amonia nne na klorini mbili ingepaswa kupatikana kwa namna tatu tofauti. Wakikaa mmoja juu, mmoja chini na wanne kuzunguka kiuno, namna ni mbili tu: klorini zikiwa jirani, au zikitazamana kutoka pande mbili. Jørgensen mwenyewe alikuwa na jozi ya kijani na zambarau, lakini kwa chumvi ambazo kampaundi nyingine yenye nitrojeni ilishika mahali pa amonia. Kwa amonia halisi, ilijulikana ya kijani peke yake. Kama Werner alisema kweli, dada yake wa zambarau lazima awepo. Alimtafuta kwa miaka mingi, na mwaka 1907 akampata. Jørgensen alipoona matokeo hayo aliacha kupinga, kiungwana kabisa. Mwaka 1911 mwanafunzi Mmarekani, Victor King, akifanya kazi katika maabara ya Werner, alifaulu kutenganisha chumvi za kobalti zinazofanana kila kitu isipokuwa kwamba moja ni taswira ya nyingine kiooni, na hapo umbo lile la pande nane likapata ushahidi mzito. Mwaka 1913 Werner alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1919 akiwa na miaka 52.

Mwaka uleule wa 1913 ukaidi wa pili wa kobalti ulimalizwa. Dmitri Mendeleev, alipopanga elementi mwaka 1869 kwa kufuata uzito wa atomi, alikuta kobalti na nikeli zimekaribiana mno. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kobalti ndiyo nzito zaidi, 58.93 dhidi ya 58.69 ya nikeli. Kwa kanuni ya uzito, nikeli ilipaswa kutangulia. Lakini kila tabia ya kikemia ilisema kobalti itangulie, ikae juu ya rodiamu na iridiamu. Henry Moseley, Mwingereza kijana aliyeanzia kazi hiyo Manchester, alielekeza elektroni zenye nguvu kwenye metali moja baada ya nyingine, kutoka kalsiamu hadi zinki, na kupima urefu wa mawimbi ya eksirei zilizotoka. Mistari ilishuka ngazi kwa ngazi. Ngazi hiyo ilihesabu chaji ya kiini cha atomi, wala haikujali uzito. Kobalti ni 27, nikeli ni 28, na mjadala ukaisha. Agosti 1915 Moseley aliuawa kwa risasi huko Gallipoli, akiwa na miaka 27, na sayansi haijawahi kulipwa hasara hiyo.

Namba hizo ndizo zilizofungua njia ya kueleza kwa nini metali za katikati hufanana. Katika miaka ya 1920 Niels Bohr na wenzake walionyesha kwamba elektroni hukaa kwa tabaka. Kutoka sodiamu hadi klorini kila elektroni mpya huingia tabaka la nje, ambalo ndilo linalokutana na atomi nyingine, kwa hiyo tabia hubadilika kwa haraka: ya kwanza ni metali laini inayolipuka majini, ya mwisho ni gesi ya sumu. Lakini baada ya kalsiamu, namba 20, utaratibu hubadilika. Elektroni mpya hazikai barazani tena. Huingia katika vyumba vitano vya ndani, vinavyoitwa vyumba vya d, kila kimoja kikiwa na nafasi ya elektroni mbili. Nafasi kumi, elementi kumi: skandiamu, titaniamu, vanadiamu, kromiamu, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, shaba na zinki. Nje mara nyingi hubaki elektroni mbili zilezile, isipokuwa kwa kromiamu na shaba zenye moja.

Kutokana na hilo unaweza kuusoma mstari mzima. Ukubwa wa atomi hupungua mwanzoni, kisha karibu husimama: nusukipenyo cha chuma ni pikomita 126, cha kobalti 125, cha nikeli 124. Ndiyo sababu metali hizi huchanganyika vizuri kuwa aloi, moja ikikaa mahali pa mwenzake bila kuuvuruga mpango. Uzito ukiongezeka huku ukubwa umesimama, msongamano hupanda, kutoka gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo kwa titaniamu hadi karibu 9 kwa kobalti, nikeli na shaba.

Elektroni zilizo peke yake vyumbani husaidia kuzifunga atomi pamoja, kwa hiyo vanadiamu na kromiamu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 1900. Kadiri vyumba vinavyojaa, elektroni hupata wenzao na kujitenga na kazi hiyo: kobalti huyeyuka kwenye 1495, shaba 1085, na zinki, ambayo vyumba vyake vyote vimejaa, 420 tu. Manganizi huvunja mfuatano huu kwa kuyeyuka kwenye 1246, chini ya majirani wake wote wawili. Jedwali halina ulaini wa mstari wa rula, na mwalimu anayelifundisha asilifiche jambo hilo. Chaji nazo zina mwendo wake. Kutoka skandiamu hadi manganizi metali inaweza kutoa elektroni zake zote za nje na za vyumbani, tatu, nne, tano, sita, hadi saba. Baada ya hapo kiini kimekuwa na nguvu ya kuzizuia, kwa hiyo chuma na kobalti kwa kawaida hutoa mbili au tatu, shaba moja au mbili, zinki mbili basi. Na kati ya zote kumi, ni chuma, kobalti na nikeli tu zinazovutwa na sumaku kwa nguvu katika hali ya kawaida. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770. Kobalti huushikilia hadi zaidi ya 1100, kuliko elementi yoyote.

Kuhusu rangi, jibu lilianzia kwa Hans Bethe mwaka 1929. Vyumba vitano vina nguvu sawa atomi ikiwa peke yake. Ikizungukwa na majirani, vyumba vinavyowaelekea majirani hao hupanda nguvu na vingine hushuka. Elektroni ikiruka kutoka cha chini kwenda cha juu, humeza sehemu ya mwanga, na jicho huona kilichobaki. Pengo hilo hutegemea majirani ni nani na ni wangapi. Kobalti yenye chaji mbili ikizungukwa na maji sita ni ya waridi. Ikizungukwa na klorini nne ni ya buluu iliyokoza. Katika kioo na katika rojo ya kauri huzungukwa na oksijeni nne, ndiyo sababu ya ubuluu wa Jingdezhen. Chumvi za zinki na skandiamu hazina rangi kwa sababu hiyohiyo: vyumba vya moja vimejaa, vya nyingine ni vitupu, hakuna wa kuruka.

Metali hii hatari ya wachimbaji wa Saxony imo pia ndani ya damu yetu. Wafugaji wa Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, waliwaona ng'ombe wao wakikonda na kufa katika malisho yaliyojaa majani, na ugonjwa ukapewa jina la mji huo. Udongo ulikosa kobalti. Mwaka 1948 vitamini B12 ilipopatikana ikiwa safi, ilikuwa nyekundu, na katikati yake mlikuwa na atomi moja ya kobalti. Dorothy Hodgkin wa Oxford alilichora umbo lake kwa eksirei katikati ya miaka ya 1950: kobalti yenye majirani sita, kama Werner alivyosema.

Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya mgodini, Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika karne ya 19 shaba yake ilitawaliwa na Msiri, Mnyamwezi aliyejijengea dola Bunkeya, hadi alipouawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, Desemba 1891. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikaanza kumimina shaba Lubumbashi mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 ikaanza kutoa kobalti. Vita vilipofika Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Mei 1978, bei ya kobalti ulimwenguni ilipanda mara kadhaa.

Jiwe jeusi la Kolwezi linaitwa heterojenaiti, na kobalti iliyomo ina chaji tatu. Kwa hali hiyo asidi peke yake huiyeyusha kwa shida. Viwanda huongeza gesi ya salfa au chumvi zake ili kuirudishia kobalti elektroni moja. Ikishakuwa na chaji mbili huyeyuka, huchujwa, na kutolewa kama unga unaopakiwa kwenye malori kwenda bandari za Dar es Salaam na Durban. Katika viwanda vya betri, vingi vikiwa China, hurudishwa kwenye chaji tatu pamoja na lithiamu na oksijeni, kwa kanuni iliyovumbuliwa na John Goodenough na wenzake huko Oxford mwaka 1980. Betri inapochajiwa lithiamu huondoka na sehemu ya kobalti hupanda hadi chaji nne. Inapotumika hushuka tena.

Watengenezaji wa magari ya umeme sasa wanapunguza kobalti kwa sababu ya bei yake na mazingira ya uchimbaji wake. Wanaoshika nafasi hiyo ni majirani wa jedwalini: nikeli na manganizi, ambazo ukubwa wa ioni zake huziruhusu kukaa katika viti vilevile kati ya tabaka za oksijeni, na chuma, katika betri za fosfati ambazo kundi la Goodenough lilizieleza mwaka 1997 huko Texas. Bei anayolipwa mchimbaji wa Kolwezi kwa gunia lake itategemea, pamoja na mambo mengine, ni kwa kiasi gani namba 25, 26 na 28 zinaweza kuifanya kazi ya namba 27.